Namna ya Kupima Simulizi za Sparingi Kuhusu Mabondia Chipukizi

Kila jimu ya ngumi ina simulizi yake ya kijana wa ajabu. Kijana huyo ana miaka 14, hajawahi kupanda ulingoni kwa pambano rasmi, na siku moja kocha anamwingiza kufanya sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi, na bondia wa ngumi za kulipwa. Baada ya raundi mbili mkubwa anaomba poo, anavua glovu na kukiri kwamba hajawahi kupigwa namna ile. Nimeisikia ikisimuliwa kuhusu vijana wa New York, wa Detroit, wa Mexico na wa Dar es Salaam, na kila mara majina hubadilika huku hadithi ikibaki ileile.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya yeyote anayesikia simulizi kama hiyo na kutaka kujua aiamini kwa kiasi gani: shabiki, mwandishi wa habari za michezo, kocha, na hasa mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe yuko tayari kupimwa na wakubwa. Niseme mapema ninachokiamini baada ya miaka mingi ya kukaa kandokando ya ulingo. Simulizi nyingi za jimu si uongo mtupu. Kwa kawaida tukio lilikuwapo; kilichodondoka njiani ni mazingira yake, na katika sparingi mazingira ndiyo yanayobeba maana yote. Kuihoji simulizi ni kuyarudisha mazingira hayo mahali pake, moja baada ya jingine.

Sparingi ni kazi ya darasani. Mabondia wawili wanavaa glovu nene na kinga ya kichwa, wanapigana kwa raundi walizopangiwa, na kocha anaweza kuwasimamisha wakati wowote ili amrekebishe mmoja wao mguu au bega. Hakuna majaji, hakuna kadi za pointi, hakuna kuhesabiwa hadi kumi. Aliyepanda amepewa kazi ya kufanya: ajizoeze kukwepa akiwa kwenye kamba, arudishe pumzi baada ya mapumziko, au amwigize mpinzani ambaye mwenzake atakutana naye mwezi ujao. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba fulani “alishinda sparingi”, ametaja matokeo ya kitu ambacho hakikuwekewa mshindi, na kazi yako inaanzia hapo.

Iandike kwanza

Chukua karatasi na uiandike simulizi kwa sentensi moja, kama ulivyoisikia. Kisha chini yake andika mambo ambayo simulizi yenyewe imeyataja: majina ya wote wawili, umri wao siku hiyo, uzito wa kila mmoja, mahali, mwaka, idadi ya raundi, aina ya glovu, na watu waliokuwa wakitazama. Mwisho andika jina la mtu wa kwanza kuisimulia hadharani na mwaka alioisimulia. Utashangaa jinsi simulizi iliyosikika nzito masikioni inavyoonekana kuwa na matundu ikishawekwa kwenye karatasi. Ikiwa huna hata jina la bondia aliyepigwa, hakuna cha kupima. Iache ibaki kuwa burudani.

Tuchukue ile iliyo maarufu kuliko zote. Mike Tyson alizaliwa Brooklyn tarehe 30 Juni 1966. Mwaka 1980, akiwa na miaka 13, alikuwa katika shule ya marekebisho ya Tryon, karibu na Johnstown katika jimbo la New York, ambako mlezi mmoja, Bobby Stewart, bondia wa zamani, alikuwa akimfundisha ngumi. Stewart alimpeleka kwa gari hadi mji mdogo wa Catskill, kwenye jimu ya Cus D'Amato iliyokuwa juu ya kituo cha polisi, na wawili hao wakafanya sparingi mbele ya mzee huyo. D'Amato, ambaye mwaka 1956 alikuwa amemfikisha Floyd Patterson kwenye ubingwa wa dunia wa uzito wa juu, alitazama na kutamka kwamba yule mtoto angekuja kuwa bingwa wa dunia.

Hadi hapo simulizi ina mifupa imara. Majina yapo, mahali papo, mwaka upo, na zaidi ya mtu mmoja aliyekuwamo chumbani aliishi na kuisimulia kwa kinywa chake. Ndiyo maana ninaiamini. Lakini isikilize inavyosimuliwa leo vijiweni: mtoto wa miaka 13 alimpiga bondia wa kulipwa. Hapo imekwisha kuharibika. Katika maelezo ya waliokuwapo, aliyetokwa damu puani ni Tyson, kwa ngumi za Stewart. D'Amato alitaka kuwasimamisha, na mtoto ndiye aliyesihi aachwe aendelee. Mzee aliona mtoto anayevuja damu akibaki mbele ya mtu mzima na kuendelea kujaribu yale aliyofundishwa, na kwa jicho la kocha jambo hilo lina thamani kubwa kuliko kumwangusha mtu. Simulizi ya kijiweni imeyatupa hayo yote, ikaweka badala yake ushindi ambao haukuwapo.

Uliza kilo kabla ya miaka

Msimuliaji hutaja miaka kwa sababu miaka hushtua. Wewe uliza kilo. Tyson wa miaka 13 alikuwa na takriban pauni 190, yaani kilo 86 hivi, wakati Stewart alikuwa bondia wa uzito unaoishia pauni 175, ambazo ni kilo 79. Kwa mizani, “mtoto” hakuwa mdogo kuliko “mkubwa”. Hilo halipunguzi ajabu ya kipaji chake, kwani kasi na utulivu havipimwi kwa mizani, lakini linabadilisha kabisa picha uliyokuwa nayo kichwani ya kijana mwembamba akimkabili jitu.

Pale ambapo tofauti ya uzito ni ya kweli, yaani kijana wa kilo 55 amewekwa na mtu wa kilo 70, swali linageuka: kwa nini mkubwa hakumuumiza? Jibu karibu kila mara ni kwamba alijizuia, kwa sababu bondia mwenye adabu ya ulingo hampigi mtoto kwa nguvu zake zote, na kocha mwenye akili hamruhusu. Kijana anaweza kurusha ngumi 40 kwa raundi akarudishiwa kumi za kumgusagusa tu, na mtazamaji asiyejua akaondoka akiamini kwamba ameshuhudia maajabu.

Kuna na umri wa pili, ambao simulizi haiusemi: umri wa mtu ndani ya mchezo. Kijana wa miaka 14 anaweza kuwa amefunga bendeji mikononi tangu akiwa na miaka saba, huku yule “bondia wa kulipwa” aliyemsumbua akiwa ameanza ngumi ukubwani na ana mapambano manne tu. Neno “wa kulipwa” ni pana mno. Linamhusu bingwa wa dunia, na linamhusu pia mtu aliyepigana mara moja kwenye ukumbi wa sherehe akalipwa nauli.

Umri wenyewe nao unahitaji ushahidi. Katika mashindano rasmi ya ridhaa vijana hupangwa kwa mwaka wa kuzaliwa na kupimwa uzito mbele ya viongozi. Katika sparingi na katika mapambano yasiyo rasmi hakuna anayedai cheti. Tyson mwenyewe, akiwa bado kijana mdogo, alipelekwa kwenye mapambano ya aina hiyo katika kumbi za Bronx, na kwa kuwa hayakuwa ya chama chochote, matokeo yake yamebaki kwenye vinywa vya watu.

Mkubwa alikuwa ametumwa nini?

Hili ndilo swali ninalolipa uzito kuliko mengine yote, kwa sababu ndilo linalosahaulika upesi zaidi.

Anza na glovu. Katika mapambano ya kulipwa, mabondia wa hadi pauni 147 kwa kawaida hutumia glovu za wakia 8, na wazito zaidi hutumia za wakia 10. Katika sparingi hutumika za wakia 14 au 16. Glovu ya wakia 16 ina gramu 450 hivi, mara mbili ya ile ya wakia 8, na sehemu kubwa ya uzito huo ni sponji iliyo mbele ya vifundo vya vidole. Bondia anayeishi kwa ngumi moja nzito hupoteza silaha yake katika sparingi, huku mwenye miguu myepesi na mikono ya haraka akionekana bora kuliko alivyo. Vijana wenye vipaji huwa ni wa kundi la pili, kwa hiyo darasa lenyewe limekaa upande wao.

Kisha uliza mkubwa alikuwa katika hatua gani ya kambi. Mfano mzuri ni wa mapema mwaka 1961 huko Florida, ambako Ingemar Johansson wa Sweden, bingwa wa dunia wa zamani, alikuwa akijiandaa kwa pambano la tatu na Floyd Patterson. Aliletewa kijana wa miaka 19 aliyeitwa Cassius Clay, ambaye baadaye alikuja kujulikana kama Muhammad Ali. Kijana alimzunguka, akamdonoa kwa mkono wa kushoto na kumwacha akirusha ngumi hewani, na waandishi wa habari waliona. Tukio hili ni la kweli. Lakini rudisha mazingira: “kijana” huyo alikuwa na medali ya dhahabu ya Olimpiki ya Roma ya mwaka 1960 na alikuwa tayari amepigana kwa kulipwa, Johansson alikuwa mpiga ngumi nzito ya kulia ambaye hakusifika kwa miguu, na alikuwa na mwili ambao haujakaa sawa, kwani tarehe 13 Machi 1961 alipanda kukutana na Patterson akiwa na pauni 206, kumi zaidi ya alizokuwa nazo alipotwaa ubingwa mwaka 1959. Alipigwa kwa KO, yaani aliangushwa asiweze kuendelea, raundi ya sita. Aliyeitazama sparingi ile kwa makini angeweza kusema mambo mawili ya kweli: kwamba Clay ana kasi isiyo ya kawaida kwa mwili wake, na kwamba Johansson hayuko tayari. Kusema kwamba kijana wa miaka 19 alikuwa tayari amemzidi bingwa wa zamani ni kuongeza chumvi.

Nitaeleza na jambo nililoliona mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifanya niwe mkali katika suala hili. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikishika saa katika jimu moja ya uswahilini, Dar es Salaam. Jioni moja kocha alimwingiza kijana wa miaka 16, mwenye kilo 60 hivi, pamoja na bondia wa kulipwa aliyemzidi kilo tatu na ambaye ndiyo kwanza alikuwa amerudi mazoezini baada ya kuuguza mkono. Kabla sijagonga kengele, kocha alimwambia mkubwa, nami nikasikia: “Kulia hutupi leo. Kushoto tu, na ukae kwenye kamba.” Katika raundi ya pili kijana aliachia ngumi ya kulia nzuri sana, ikapita juu ya glovu na kumpata mkubwa shavuni, naye akirudi nyuma alikanyaga mahali palipolowa jasho karibu na kona, mguu ukateleza, goti likagusa turubai. Alinyanyuka papo hapo. Kocha alichukua kitambaa akapafuta, wakaendelea hadi raundi ya tatu ikaisha.

Jumamosi, kwenye kijiwe cha kahawa, nilimsikia mtu ambaye hakuwapo akisimulia kwamba dogo alimlaza kaka yule. Baada ya mwezi ilikuwa raundi ya kwanza, na mkubwa alikuwa amebebwa. Hakuna aliyeutaja mkono uliokuwa ukiuguzwa, wala agizo la kocha, wala jasho kwenye turubai. Mkubwa akawa anazomewa mtaani. Walipokutana tena ulingoni hakusubiri agizo la mtu, na kabla kocha hajawaingilia kijana alikuwa amekula makonde manne ya kichwa kutoka kwa mtu mzima mwenye hasira. Aliumwa kichwa siku kadhaa, shule hakwenda. Makonde yale yalizaliwa kijiweni, na mimi niliyeona tukio lenyewe nilikuwa nimekaa kimya nikinywa kahawa wakati simulizi ikikua.

Nani anasimulia, na lini?

Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii hutumika sana kuzitetea simulizi za jimu, na ninaikubali nusu: lipo, ndiyo, lakini methali haisemi lipo kwa ukubwa gani. Ili kujua ukubwa wake mtazame msimuliaji.

Kocha Angelo Dundee alisimulia kwamba mwishoni mwa miaka ya 1950, alipokuwa Louisville na bondia wake Willie Pastrano, kijana wa ridhaa wa mji huo, Cassius Clay, aliomba kufanya sparingi na Pastrano, na kwamba kijana alimsumbua kiasi cha yeye Dundee kuisimamisha kazi. Pastrano alikuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1963, kwa hiyo hakuwa mtu wa kubahatisha. Lakini Dundee ndiye aliyekuja kuwa kocha wa Clay kuanzia mwishoni mwa mwaka 1960, na simulizi inayoonyesha kwamba uliliona jiwe la thamani kabla ya wengine ni simulizi tamu kwa anayeisimulia. Simwiti mwongo, naamini kijana alimpa Pastrano wakati mgumu. Ninachofanya ni kuipunguza simulizi kidogo, kama mfanyabiashara anavyoondoa uzito wa gunia kabla ya kusoma uzito wa mchele.

Kinyume chake, msimuliaji anapojidhalilisha, ongeza imani. Oscar De La Hoya, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, amesimulia mwenyewe kwamba alipokuwa bado chipukizi alifanya sparingi na Julio César Chávez, bingwa wa dunia kutoka Mexico, na Chávez akamwangusha. Hakuwa na faida yoyote ya kuibuni habari hiyo, hasa baada ya kumshinda Chávez tarehe 7 Juni 1996 huko Las Vegas kwa TKO, yaani pambano kusimamishwa, raundi ya nne. Simulizi ya aliyepigwa, inayotolewa na aliyepigwa, ina uzito kuliko kumi za marafiki wa mshindi. Ndiyo maana kila unapoweza mtafute yule mkubwa wa kwenye hadithi na kumsikiliza. Mara nyingi yeye ndiye mtu pekee ambaye hajaulizwa.

Angalia pia mwaka. Simulizi iliyoandikwa gazetini wiki ileile, kabla kijana hajawa mtu, ni tofauti na ile iliyoibuka baada ya kuwa bingwa. Makocha wengi wamewatabiria ubingwa vijana wengi. Vijana waliopotea hakuna anayesimulia sparingi zao, na utabiri wao umezikwa pamoja na majina yao. Tunabaki na zile chache zilizotimia, tukadhani kwamba sparingi hutabiri kila mara.

Linganisha na daftari la mapambano

Ukishakuwa na mwaka na umri, weka kando ya simulizi matokeo ya mapambano rasmi ya kijana huyo katika kipindi hichohicho. Pambano rasmi lina mwamuzi, daktari, mizani na matokeo yaliyoandikwa, na huwezi kulibadilisha kijiweni.

Kwa Tyson, tunasikia kwamba akiwa na miaka 15 na 16 hakuna mtu mzima aliyeweza kusimama naye jimuni. Daftari linasema kwamba alitwaa ubingwa wa vijana wa Marekani mwaka 1981 na 1982, jambo linalothibitisha kipaji chake bila shaka yoyote. Linasema pia kwamba mwaka huohuo wa 1982, katika mashindano ya taifa ya wakubwa, Al Evans alimsimamisha katika raundi ya tatu, na kwamba mwaka 1984 Henry Tillman alimshinda mara mbili kwa pointi katika safari ya kuelekea Olimpiki ya Los Angeles, ambako Tillman alitwaa dhahabu. Tyson alikuja kumpiga Tillman kwa KO raundi ya kwanza mwaka 1990, wote wakiwa wa kulipwa. Ukiyasoma yote pamoja unapata kijana wa kweli: mwenye nguvu za kutisha, anayeweza kuchoshwa na kuzidiwa akili na mtu mzima anayejua kazi yake, na anayeendelea kukua. Mimi naona picha hiyo ni nzuri kuliko ile ya mtoto asiyeshindika, kwa kuwa inaonyesha kazi iliyofanyika kati ya miaka 16 na miaka 20 na miezi minne, umri aliokuwa nao alipompiga Trevor Berbick tarehe 22 Novemba 1986 na kuvunja rekodi ya Patterson ya bingwa wa dunia wa uzito wa juu mwenye umri mdogo kuliko wote.

Daftari hilohilo huthibitisha maajabu pale yalipo. Wilfred Benítez wa Puerto Rico, aliyezaliwa Septemba 1958, alimshinda Antonio Cervantes wa Colombia mjini San Juan tarehe 6 Machi 1976 kwa raundi 15 na kutwaa ubingwa wa dunia akiwa na miaka 17. Hapo hakuna haja ya kumtafuta aliyekuwa jimuni. Nalitaja hili kwa wale wanaodhani kwamba anayehoji simulizi anawachukia vijana wenye vipaji. Kijana wa kweli hufika ulingoni, na ulingo huandika.

Mabondia wa jimu nao wapo, wale wanaong'ara kila Jumatano mazoezini na kuganda Jumamosi mbele ya taa na watu. Kila kocha anamjua angalau mmoja.

Video haimalizi ubishi

Siku hizi simulizi huja na kipande cha video, na wengi hudhani hapo mjadala umefungwa. Uliza video ilianza wapi na iliishia wapi. Agosti 2017 huko Las Vegas, Conor McGregor alipokuwa akijiandaa kupigana na Floyd Mayweather, ilisambazwa picha ya Paulie Malignaggi, bingwa wa dunia wa zamani katika uzito wa aina mbili, akiwa chini katika sparingi na McGregor. Malignaggi alisema alisukumwa, akadai video yote itolewe. Vilivyotolewa ni vipande vya sekunde chache. Anayemiliki kamera huchagua, na hachagui raundi aliyozidiwa.

Hata video ndefu ina mipaka yake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Mayweather alifanya sparingi na Paul Spadafora, wote wawili wakiwa hawajapoteza pambano, na video yake imetazamwa na watu wengi. Wengi huona Spadafora alifanya vizuri zaidi, nami ni mmoja wao. Lakini ukiitazama huoni Mayweather alikuwa amefanya mazoezi kwa siku ngapi kabla ya hapo, wala aliambiwa nini. Yeye alistaafu akiwa na ushindi 50 bila kupoteza. Video inaonyesha mikono. Agizo la kocha halionekani kwenye kioo.

Pale unapopaswa kuamini

Kuna simulizi zinazopita vipimo vyote, na ni haki kuzikubali bila kusitasita. Januari 1990 mjini Tokyo, Greg Page, bingwa wa zamani wa uzito wa juu wa WBA, moja ya vyama vya ngumi vya dunia, alimwangusha Mike Tyson katika sparingi mbele ya waandishi wa habari. Majina, mahali, tarehe na mashahidi wasio na upande vilikuwapo, na habari ilichapishwa kabla ya pambano. Watu wengi waliipuuza kwa hoja kwamba ni mazoezi tu. Tarehe 11 Februari James “Buster” Douglas akampiga Tyson kwa KO raundi ya kumi. Tukio la Page peke yake lisingetosha kutabiri hilo, lakini lililingana na dalili nyingine zilizoonekana, ikiwemo kwamba Tyson alikuwa ameachana na kocha wake Kevin Rooney tangu mwaka 1988. Sparingi iliyothibitishwa ni dalili moja, na dalili husomwa pamoja na nyingine.

Kwa mzazi na kocha

Ukiambiwa kwamba mwanao “anawasumbua wakubwa”, nenda jimuni ukaangalie kwa macho yako, na umwulize kocha mbele ya kijana: alikuwa na nani, wa kilo ngapi, kwa glovu gani, na huyo mwenzake aliambiwa afanye nini. Kocha mzuri atajibu yote manne bila kukasirika. Asiyekumbuka uzito wa mtu aliyemweka mbele ya mtoto wako hapaswi kuachiwa mtoto huyo. Mwaka 2011 vyama vya madaktari wa watoto vya Marekani na Kanada vilitoa tamko la pamoja la kupinga ndondi kwa watoto na vijana kwa sababu ya majeraha ya kichwa na uso. Hata mzazi asiyekubaliana nalo lote anapaswa kujua kwamba kichwa cha mtoto hakitofautishi konde la pambano na konde la mazoezi. Usikubali mwanao apandishwe na mtu mzima ili simulizi ipatikane, na ikiwa kichwa kinamuuma baada ya sparingi mpeleke hospitali, na asirudi ulingoni hadi daktari aseme.

Kwa kocha, dawa ni nyepesi mno: weka daftari na kalamu kwenye kamba ya mtunza saa. Tangu kijana yule alipoumia, mimi sigongi kengele kabla sijaandika. Ukurasa mmoja wa karibuni unasomeka hivi: Jumanne, raundi 3 za dakika 2. Dogo kilo 58, kaka kilo 64. Glovu za wakia 16 wote, kinga za kichwa. Agizo: mkubwa kushoto tu, nguvu nusu. Raundi ya pili dogo alipata kulia moja safi, raundi ya tatu alichoka, mikono ikashuka. Turubai limelowa kona ya bluu; lipanguswe kabla ya zamu ya saa kumi na moja.